Ramani za mtandaoni kwa watoto: ipi inafundisha nini, na mtoto wa Mombasa aanze na ipi

Mzazi akiniuliza ni tovuti gani itamsaidia mtoto wake na somo la ramani, mimi humuuliza kwanza: mtoto amekwama wapi? Kuna mtoto anayekutajia miji mikuu ya Afrika bila kuvuta pumzi, lakini mpe ramani ya kaunti yake umwambie atafute kituo cha afya kilicho kusini magharibi mwa kivuko cha Likoni, atakutolea macho. Na kuna mwenzake anayekupeleka soko la Kongowea kwa vichochoro usivyovijua hata wewe uliyezaliwa Kisauni, ila hajui Burundi iko upande gani wa Tanzania. Hawa wawili hawatibiwi kwa dawa moja.

Tatizo ni kwamba karibu kila kitu kinachouzwa mtandaoni kwa jina la jiografia ya watoto kinafundisha majina. Nchi, mji mkuu, bendera, basi. Majina yana kazi yake, siyadharau. Lakini kusoma ramani ni kitu kingine: dira, skeli (uwiano wa ramani na ardhi), ufunguo (maelezo ya alama), mistari ya gridi, na kuelewa kwamba ile michoro ni mahali panapokanyagika. Kwa hiyo ulinganisho huu haupangi nani wa kwanza na nani wa mwisho. Unaangalia kila chombo kinajenga ujuzi gani, kinahitaji nini, na kinachosha wapi.

Mwenye haraka achukue hili aende: kwa mtoto wa gredi ya nne hadi ya sita, anza na OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayojazwa na watu wenyewe, ufungue mtaa wenu, uongeze Google Earth, yenye picha za dunia kutoka angani, kwa kupima na kuona mabadiliko. Seterra, mchezo wa kubonyeza nchi kwenye ramani, iwe ya dakika chache jioni kwa ajili ya majina. GeoGuessr, mchezo wa kukisia mahali kwa picha za mtaani, ingoje, au itafutiwe mbadala wa bure nitakaoueleza. Na kama mnaishi Pwani, msiache ramani za upepo.

Michezo ya majina: Seterra, Worldle na Globle

Seterra ilianzia Sweden miaka ya 1990 kama programu ya kuwekwa kwenye kompyuta, na siku hizi inachezwa bure ndani ya tovuti ya GeoGuessr. Ramani inakuja bila maandishi, jina la nchi linatokea, mtoto anabonyeza. Akikosa anajaribu tena, na mwisho anapewa asilimia na muda aliotumia. Kwa kukariri, sijaona inayoizidi. Mtoto anayecheza kidogo kila siku atazijua nchi 54 za Afrika kabla muhula haujaisha.

Kasoro yake ni ile saa. Mtoto akishaona muda unahesabiwa, anaacha kufikiri anaanza kubahatisha, kidole kinatangulia akili. Dawa ninayoitumia ni ndogo: kabla ya kubonyeza, lazima aseme jirani na upande. “Uganda, magharibi mwa Kenya.” “Msumbiji, kusini mwa Tanzania.” Alama zitashuka, muda utarefuka, lakini sasa anafanya kazi ya dira na si ya kumbukumbu peke yake. Tena usimpe bara zima siku ya kwanza. Anzeni Afrika Mashariki, ndio utaratibu wa somo lenyewe shuleni: kaunti kwanza, halafu Kenya, halafu majirani zetu.

Kwenye simu ndogo kuna udhia mwingine. Kidole kizima kinafunika Rwanda na Burundi kwa pamoja, na mtoto anakasirika akiambiwa amekosa ilhali alikuwa sahihi. Kishikwambi au kompyuta ni afadhali. Kama ni simu tu, mfundishe kukuza ramani kwanza.

Worldle ni jamaa mwingine kabisa. Ilitoka mwaka 2022. Kila siku inatoa umbo la nchi moja, na mchezaji ana nafasi sita za kukisia. Ukikosa, unaambiwa umbali kwa kilomita kutoka nchi uliyoitaja hadi nchi inayotafutwa, pamoja na mshale wa uelekeo. Hapo ndipo inapoizidi Seterra, maana mtoto analazimika kufikiri: nimesema Kenya, mshale unaelekea kaskazini magharibi, umbali ni kilomita elfu tatu na ushei, je, nitaangukia wapi? Mwache akisie akiwa na atlasi ya karatasi pembeni na rula mkononi. Hiyo ni kazi ya ramani kamili, imejificha ndani ya mchezo.

Liko jambo moja la kumweleza mapema, la sivyo atasema mchezo una uongo. Worldle hupima kutoka katikati ya nchi hadi katikati ya nchi nyingine. Kwa hiyo akitaja Kenya na jibu likawa Tanzania, ataona mamia ya kilomita ingawa Lungalunga na Horohoro zinatazamana. Globle, ambayo ni mchezo wa karibu sawa na huo kwenye tufe linalozunguka, hupima kutoka mpaka hadi mpaka, kwa hiyo majirani hutoka sifuri, na rangi inazidi kukolea kadiri unavyokaribia. Nikichagua kati ya hizo mbili kwa mtoto mdogo, nachukua Globle, kwa sababu rangi inasomeka hata na asiyejua hesabu za maelfu. Kwa aliyefika gredi ya sita, Worldle. Zote mbili zina sifa nzuri kwa wazazi: ni swali moja kwa siku, likiisha limeisha, simu inarudi kwa mwenyewe.

Google Earth na OpenStreetMap: picha au ramani?

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Google Earth ilitoka mwaka 2005, na tangu 2017 kuna toleo la kufungua ndani ya kivinjari bila kusakinisha kitu. Kila mtoto akiifungua mara ya kwanza hufanya jambo lilelile: anatafuta kwao. Mwache. Ile safari ya kushuka kutoka angani hadi kwenye paa la bati la nyumbani inamfundisha skeli kuliko ubao mzima wa chaki. Lakini kumbuka kwamba anachokitazama ni picha. Haina ufunguo, haina alama, haijachagua cha kuonyesha na cha kuacha. Mtoto anayezoea picha peke yake atapata shida siku atakayoletewa ramani ya mtihani yenye mstari mwekundu na kialama cha msikiti.

Wapo pia wanaodhani ni kamera inayoonyesha muda huuhuu. Siku moja tulikuwa tumeufungua mlango wa Kilindini, feri iko katikati ya maji, mkia wa povu nyuma yake.

“Mwalimu, mbona feri haitembei?”

“Hiyo ni picha, babangu. Ilipigwa siku nyingine.”

“Siku gani?”

Swali zuri hilo, na jibu lake lipo. Toleo la kompyuta, Google Earth Pro, ambalo ni bure tangu 2015, linaonyesha tarehe ya picha chini ya kioo, na lina kitelezi cha kurudi nyuma miaka. Tukakiburuta. Palipo leo na stesheni kubwa ya reli Miritini pakawa mashamba na vichaka. Barabara ya Dongo Kundu ikafutika. Huko Makupa, kabla ya daraja jipya la mwaka 2022, kisiwa kilikuwa kimeshikizwa na bara kwa tuta lililoziba maji. Watoto wakaanza kubishana kama Mombasa wakati huo ilikuwa kisiwa kweli au rasi. Sikuwapa jibu. Mabishano kama hayo hayapatikani kwenye mchezo wa kubonyeza majina.

Kifaa cha pili cha thamani ndani ya Google Earth ni rula. Mpe mtoto kazi hii: apime mstari ulionyooka kutoka Bandari ya Kale, jirani na Fort Jesus, hadi ng'ambo upande wa English Point. Atapata mita mia kadhaa, mashua inavuka upesi. Kisha apime kwa njia ya gari: atoke Mji wa Kale, apande hadi Daraja la Nyali, avuke, arudi chini hadi palepale ng'ambo. Sasa ni kilomita kadhaa. Ndipo atakapoelewa kwa nini watu wa mji huu wanalilia madaraja, na atakapojua tofauti ya umbali wa kunguru na umbali wa matatu. Mwenye hamu zaidi apime Mombasa hadi Nairobi: mstari ulionyooka ni karibu kilomita 440, nayo barabara inakaribia 480.

OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na inajazwa na watu wenyewe, yeyote mwenye akaunti anaweza kuongeza njia, duka, kisima au jina la mtaa. Nairobi ina mfano unaojulikana: mwaka 2009 vijana wa Kibera walianza kuuchora mtaa wao wakati ramani nyingi zilikuwa zinauacha kama sehemu tupu. Kwa mtoto, habari hiyo ina uzito wake. Anajifunza kwamba ramani imetengenezwa na mtu, na kama mtaa wako haumo, kuna mtu hajafika.

Kwa ufundishaji, OpenStreetMap inaishinda Google Earth kwenye jambo moja kubwa: ni ramani hasa. Barabara kuu ina rangi yake, njia ya miguu ina nukta zake, reli ina mstari wake, na upande wa kulia wa tovuti kuna kitufe cha ufunguo kinachoeleza kila alama. Kona ya chini kuna mstari wa skeli. Vyote anavyoulizwa mtoto kwenye mtihani vipo pale, na vinahusu mahali anapopita kila siku.

Kuhusu skeli nataka kusema kitu ambacho walimu wengi wanakiruka. Kitabuni mtoto anaambiwa 1:50,000, maana yake sentimita mbili kwenye ramani ni kilomita moja ardhini, na ndivyo zilivyo zile ramani za Survey of Kenya atakazokutana nazo sekondari. Kwenye kioo uwiano huo hauna maana, kwa sababu kila anapokuza ramani skeli inabadilika, na kioo cha simu si sawa na cha kompyuta. Kinachobaki kweli ni ule mstari mdogo wenye mita, kwani unakua na kupungua pamoja na ramani. Mtoto aukuze, aupunguze, asome unasema nini kila mara. Akishashika hilo, mpeleke hatua ya pili: kwenye OpenStreetMap kuna sehemu ya kushiriki ramani ambapo unachagua skeli na kupakua karatasi ya kuchapisha. Chagua 1:5,000, sasa sentimita moja ni mita 50. Wakati wa kuchapisha hakikisha mashine haipunguzi ukurasa ili utoshee karatasi, maana hapo skeli yote imekwenda na maji. Mwambie kijana wa saiba achapishe kwa ukubwa halisi, asilimia 100.

Ukishapata karatasi hiyo, zima simu. Toka na mtoto, mgeuze ramani mpaka kaskazini ya karatasi ielekee kaskazini ya kweli. Mombasa hili ni jepesi: kila mtoto anajua jua linachomoza upande wa bahari kuu. Atembee kutoka nyumbani hadi madrasa, kila kona aitie alama. Akiona kichochoro ambacho hakimo, akichore kwa penseli.

Na kichochoro kile kinaweza kuingia kwenye ramani ya dunia. Kwa simu za Android ipo programu ya StreetComplete, ambayo inamuuliza mtu aliyesimama mahali maswali mepesi: barabara hii ni ya lami au ya vumbi? Jengo hili lina ghorofa ngapi? Kituo hiki kina kibanda cha kujikinga na mvua? Majibu yanaingia OpenStreetMap. Akaunti iwe ya mzazi au mwalimu, si ya mtoto, kwani kila badiliko linaonekana hadharani pamoja na jina la aliyelifanya. Wala mtoto asiandike jina la mtu juu ya nyumba. Nyumba ya Mzee Fulani ni nyumba tu.

Google Maps imo mikononi mwa kila mtu, na tangu 2018 inatumika kwa Kiswahili, lakini kwa kufundisha naiweka nyuma. Ukiiwashia maelekezo ya njia, inamzungushia mtoto ramani ili mbele yake iwe juu daima. Yeye hageuki, hafikiri, anafuata sauti. Kama ndiyo pekee mliyo nayo, gusa kile kidude cha dira ili kaskazini ibaki juu, uzime sauti, umwache yeye ndiye akuambie wapi pa kukata kona.

GeoGuessr: tamu, lakini

Mchezo huu umetoka Sweden mwaka 2013. Unadondoshwa barabarani mahali popote duniani kwa picha za mtaani za Google, unatazama huku na huku, kisha unaweka alama kwenye ramani pale unapodhani upo. Vijana wakubwa wanaupenda mno, na sababu ipo. Unazoesha jicho kusoma mahali: maandishi ya vibao, udongo, miti, mavazi, upande wa barabara ambao magari yanapita. Kenya, Uganda na Tanzania tunaendesha kushoto. Vuka uingie Rwanda, Burundi au Ethiopia, ni kulia. Kwa mtoto huo ni ugunduzi.

Kisha kuna jua. Wachezaji hufundishana kwamba jua la adhuhuri likiwa upande wa kaskazini, uko kusini mwa ikweta. Mjaribu mtoto wa Mombasa kwa kanuni hiyo aone inavyomponyoka. Mji wetu uko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, takriban kilomita 450, kwa hiyo jua linapita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 10 Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya Oktoba na Machi, adhuhuri linakaa upande wa kusini. Miezi mingine upande wa kaskazini. Kijiti kilichosimikwa uani kinatosha kuthibitisha, na ni bure.

Lakini mchezo huo una mtindo wake wa kunyanyua alama ambao si jiografia. Picha za Kenya zilipigwa na gari lililokuwa na bomba la kuvutia hewa, lile la magari ya safari, nalo linaonekana kwenye picha ukitazama chini. Mchezaji hodari hasomi kibao wala haangalii mbuyu. Akiona bomba tu, anabonyeza Kenya. Mtoto wako akikutajia Kenya kwa kasi ya umeme, muulize amejuaje.

Na kuna pesa. Kucheza bure kumebanwa, ukitaka kucheza utakavyo ni kulipia kila mwezi, na picha zile zinakula bando kwa fujo. Kwa mtoto wa msingi nafanya hivi: nafungua Google Maps kwenye kompyuta, namdondosha mtoto kwenye picha za mtaani mahali anapopajua, kwa mfano Mapembeni kwenye Moi Avenue, halafu namwambia atembee mpaka aone bahari, akinitajia kila mara anaelekea upande gani wa dira. Akishaweza hapo, namhamishia Kisumu, kisha Kampala. Hakuna alama, hakuna saa, hakuna malipo.

Upepo, somo tulilo nalo mlangoni

Hiki ni kipande ambacho sijakiona kikipewa nafasi kwenye orodha za wenzetu wa bara, na kwa mtoto wa Pwani ndicho kitamu kuliko vyote. Tovuti ya Windy, na nyingine ya earth.nullschool.net iliyoanza 2013, zinaonyesha upepo wa dunia kama vijistari vinavyotiririka juu ya ramani. Fungua mwezi wa Januari, sogea Bahari ya Hindi: vijistari vinashuka kutoka pwani za Uarabuni na India kuja kwetu. Ndiyo kaskazi hiyo, ile iliyoleta majahazi. Fungua tena Julai: mkondo mzima umegeuka, unapanda kutoka kusini. Hiyo ni kusi, ya kuwarudisha kwao. Mtoto ambaye babu yake alikuwa baharia au mvuvi ataelewa upesi kwa nini mji huu ulijaa wageni miezi fulani na si mingine.

Kwa ujuzi wa ramani, faida iko kwenye jambo linalowachanganya hata watu wazima: upepo unaitwa kwa upande unakotoka, na vijistari vinaonyesha unakokwenda. Mwambie mtoto aandike vyote viwili, “unatoka kaskazini mashariki, unaelekea kusini magharibi,” halafu atoke nje anyanyue kidole kilicholowa maji au atazame bendera ya shule. Ramani ikikubaliana na bendera, furaha yake utaiona. Isipokubaliana, ni kwa sababu ya upepo wa baharini wa alasiri au majengo yaliyoukinga, na huo ni mjadala mwingine.

Kati ya hizo mbili, Windy ndiyo nyepesi kwa anayeanza. Ina majina ya miji, unagusa mahali inakuambia kasi, na unaweza kusogeza siku mbele. Ile ya pili haina maandishi karibu yoyote juu ya tufe, kwa hiyo mtoto lazima aijue Afrika kwa umbo lake. Ila inashinda pale unapotaka kuonyesha mikondo ya bahari: kuna mkondo wa Somalia unaogeuza uelekeo kufuata msimu, kitu ambacho mistari ya kitabuni haiwezi kukionyesha. Kurudi nyuma hadi Januari iliyopita nako ni kwepesi zaidi kwenye nullschool. Windy imejengwa kwa ajili ya utabiri wa siku zijazo.

Mbili za kupitia haraka

The True Size inafanya kitu kimoja. Unaikamata nchi, unaiburuta kwingine kwenye ramani, inabadilika ukubwa. Mtindo wa ramani ya ukutani tuliyoizoea unatokana na mchora ramani Mercator, mwaka 1569, ambaye aliwatengenezea mabaharia ramani yenye uelekeo sahihi na akalipa kwa kuharibu ukubwa kadiri unavyokaribia ncha za dunia. Ndiyo maana Greenland inaonekana sawa na Afrika, na kumbe Afrika inaizidi karibu mara 14. Iburute Kenya uiweke juu ya Uingereza: ni zaidi ya maradufu. Kipindi kimoja kinatosha, halafu mtoto hataitazama tena ramani ya darasani kwa macho yaleyale. Haihitaji kurudiwa kila wiki.

MapMaker ya National Geographic ni ya wakubwa kidogo, gredi ya sita kwenda juu. Unaweka tabaka juu ya tabaka: mvua, watu, milima, mipaka ya mabamba ya ardhi. Inafaa kwa swali kama: kwa nini watu wengi Kenya wanaishi upande wa magharibi na nyanda za juu, na kwingine ni kutupu? Weka mvua, kisha weka watu, jibu linajitokeza. Udhaifu wake ni uzito. Kompyuta ya zamani na mtandao wa kusuasua vitakufanya ungoje hadi darasa lianze kupiga makelele. Mwalimu aijaribu mwenyewe usiku uliotangulia, apige picha za kioo za akiba.

Bando, simu moja, watoto watatu

Karibu zote hizi zina maelezo ya Kiingereza. Kwa mtoto wa gredi ya nne kwenda juu si kikwazo kikubwa, maana somo lenyewe shuleni linafundishwa kwa Kiingereza. Kwa mdogo, mzazi akae naye asome yeye.

Kwa gharama, kinachokula bando zaidi ni picha: Google Earth na picha za mtaani. Worldle, Globle na Seterra hazina njaa. Na anayetaka ramani bila bando kabisa aweke Organic Maps kwenye simu. Inatumia data ya OpenStreetMap, haina matangazo, na ukishapakua Kenya mara moja kwenye Wi-Fi inafanya kazi hata ndani ya tuktuk mahali pasipo na mtandao. Hiyo mtoto ashike mwenyewe safarini kwenda Mtwapa au Diani, awe anafuata kile kidoti cha bluu na kutaja mnavuka mkono gani wa bahari.

Simu ikiwa moja na watoto watatu, usiwaachie wapokonyane. Mmoja anaishika na haruhusiwi kusema, wa pili anatoa maelekezo kwa kutumia pande za dira peke yake, bila “hapo” wala “pale,” wa tatu anaandika. Wabadilishane kila wakifika. Kwa darasa kubwa lenye projekta moja utaratibu ni huohuo, ila anayeelekeza anasimama ameipa picha mgongo, anategemea ramani aliyoichora kwenye daftari lake.